Kibuyu Juu ya Jicho la Baba

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walianza kufika na malori mpaka kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, na baba akaamua tuache kulala chini ya paa la nyasi. Bati alinunua. Misumari mipya akaona ni anasa. Alichomoa ya zamani kwenye mbao za zizi la ndama, akachuchumaa kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kwetu kila mtu ananyoosha hivyo, uso umekaribia jiwe kama unalinong'oneza.

Msumari mmoja ukaruka. Ukampiga baba jichoni. Aliangusha nyundo, akashika jicho la kulia, na katikati ya vidole yakatoka maji yenye damu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kusubiri sijui. Kabla sijafika alipo, shangazi alishamwita mke wa jirani aliyekuwa ananyonyesha.

"Kamua maziwa humu, mayu, mama yangu, limpoe."

"Asikamue!" nikasema. Shuleni tulifundishwa huduma ya kwanza: jicho lililotoboka haliwekwi kitu na halibonyezwi.

"Nani kasema?"

"Mimi, shangazi."

"Sisi wote tumekamuliwa maziwa machoni tukapona. Wewe umesoma, umemponya nani?"

Watu wakacheka, baba anavuja.

Baba ndiye aliyewanyamazisha. "Acheni. Binti, wewe unasemaje?"

"Hospitali. Sasa hivi. Na toa mkono, unalibonyeza."

Hakuweza kuutoa. Kila akiuondoa, unarudi wenyewe. Nikamwomba mama kile kibuyu kidogo cha kunywea maziwa, kilichokuwa na ufa mdomoni. Akakikata kwa kisu, tukabaki na kitako chake, duara kama bakuli. Tukakiegemeza kwenye mifupa ya uso, chenyewe hakigusi jicho, tukafunga na kipande cha kanga. Sasa hata akibonyeza, anabonyeza kibuyu.

Lori la pamba lilikuwa kwenye kituo cha kununulia. Karani akasema tusubiri wamalize kupima.

"Jicho halisubiri mizani," nikamwambia.

"Huyu binti wa nani ana mdomo hivi?"

"Wangu," baba akajibu. Wakampandisha. Tulikaa juu ya pamba mpaka mjini, nimemshika kichwa kila tulipoingia shimo.

Mganga wa macho pale hospitali alifungua kanga polepole, akamulika kwa tochi.

"Mmeweka nini humu?"

"Hatujaweka kitu."

"Hata maziwa? Majani?"

"Hata mate."

Akanitazama, kisha akaelekeza wodini kwa kidevu. Kulikuwa na mama aliyechomwa na bua la pamba akiling'oa shambani, na kijana aliyepigwa na mwiba akijenga boma la ng'ombe. Wote walianzia kwenye majani ya kukamulia jichoni. Jicho la yule mama lilishaoza, litatolewa. "Majeraha yao yalikuwa madogo kuliko la baba yako," mganga akasema. Kisha akasema asichoweza kuahidi: kioo cha jicho kimechanika, lazima kishonwe Mwanza, na kuona tutajua baadaye. Akakirudisha kibuyu mahali pake, akafunga mwenyewe.

Mwanza wakashona. Tuliporudi nyumbani jicho lilikuwa limefungwa bandeji, na shangazi hakunisemesha. Nilijua anachosubiri. Likipofuka, ni mimi niliyemnyima ndugu yake dawa.

Siku bandeji ilipoondolewa moja kwa moja, baba hakusema anaona au haoni. Alikaa nje mpaka jioni, ng'ombe wanarudi. Akaomba kile kitako cha kibuyu. Akakiweka kwenye jicho zima, la kushoto, akageukia vumbi la ng'ombe.

Mimi nilitaka kumtikisa aseme upesi.

"Yule mweupe," akasema. "Pembe yake moja imelala. Na anayemfuata ni wa shangazi yenu, mwembamba kama mwenyewe."

Mama akapiga kigelegele. Alama nyeupe imebaki juu ya mboni, na kusoma kwa karibu kunamsumbua, lakini ng'ombe wake anawajua wote kwa jicho lile.

Shangazi alimtazama ng'ombe wake, akanitazama mimi.

"Wabeja," akanishukuru. "Hicho kibuyu msikitupe. Watu bado wanaezeka kwa misumari ya zamani."