Antena Moja Juu ya Paa la Wifi

Mwaka ambao maghorofa mapya yaliziba njia kati ya mitaa ya Donholm na Fedha ndio mwaka nilioanza kumhitaji wifi yangu. Nasema wifi mtu, dada mkubwa wa mume wangu, si wifi ya simu, ingawa kazini nilipoeleza habari hii watu walichanganyikiwa kila mara.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Naosha chupa, napanga mizani, nawatayarishia wanafunzi asidi isiyochoma sana. Lakini mapenzi yangu yako hewani. Nina leseni ya redio ya ridhaa, ile hobi ya watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila biashara. Mwenzangu katika mambo haya ni mzee mstaafu wa reli anayeishi Fedha. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza ishara za treni. Mimi niko Donholm. Tulikuwa tumejenga mtandao wetu mdogo: kisanduku cha redio juu ya paa lake, kingine juu ya langu, na antena mbili zikitazamana. Kwa njia hiyo tulitumiana picha, barua na maongezi, bila kampuni yoyote katikati. Hatukuwa na jambo kubwa la kuambiana. Raha ilikuwa kwamba linafika.

Kisha majengo yakaanza kupanda kati yetu, ghorofa juu ya ghorofa. Kila walipomwaga zege, nambari za nguvu ya mawimbi kwenye kompyuta yangu zilishuka kidogo. Jumatatu moja zikaisha kabisa.

"Mama, tumezibwa," mzee aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Dawa tuliijua. Tulihitaji kituo cha tatu, mahali pa juu panapotuona sote wawili, kipokee kutoka kwangu na kumpelekea yeye. Niliitazama ramani jioni nzima na kidole changu kikarudi Kayole kila mara. Na Kayole, ghorofa ya sita, chini tu ya paa, alikaa wifi.

Hatukuwa tumegombana naye hata siku moja, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Tulisalimiana Krismasi na mazishini, basi. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, ndoa ikiwa bado mbichi, alinikuta juu ya mabati na koleo mdomoni, navuta waya. Akamuuliza mume wangu, "Huyu umemwoa ama umemwandika kazi?" Nilisikia. Nikaliweka moyoni miaka mingi.

"Muulize wewe," nilimwambia mume wangu.

"Ni paa unataka wewe, si mimi," akasema, akarudi kwenye mpira wake.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda na mkate, sukari na maparachichi matatu. Wifi hushona sare za shule nyumbani kwake, na nilimkuta katikati ya marundo ya sketi za kijani. Alinisikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Nilipomaliza, akakata uzi kwa meno.

"Sasa unataka paa."

"Ndiyo, wifi."

"Paa si langu. Lakini keateka nitamwita."

Alipiga simu, na yule keateka, mtunzaji wa jengo, akaja mbio kuliko nilivyotarajia. Wifi ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote hapo, na inaonekana hata mwenye nyumba humsalimia kwa heshima.

"Madam, hiyo tenje haitatuletea kanjo?" keateka aliniuliza, akimaanisha redio yangu na askari wa kaunti.

Nilimwonyesha leseni yangu. Aliisoma pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma haukuwa na kitu, akaenda kumpigia mwenye nyumba. Masharti yakarudi: mlingoti mmoja tu, tusitoboe sakafu ya paa isije ikavuja, na kamba za nguo zisiguswe. Wifi akaongeza lake, kwamba nije Jumamosi akiwa anaanika, ili aone ninachofanya.

Hapo ndipo mimi na mzee tulipoanza kubishana. Mimi nilitaka antena ya fimbo, ile nyeupe iliyonyooka kama mpini wa ufagio, inayotawanya mawimbi pande zote kama balbu ya sebuleni. Niliwaza kwamba siku moja wengine wa mitaa ya Umoja na Komarock watajiunga, na fimbo itawapokea popote walipo. Mzee hakutaka kusikia. Yeye alitaka sahani za wavu, zinazokusanya mawimbi na kuyatupa mbali kama tochi: moja itazame Donholm, nyingine itazame Fedha.

"Kwenye reli," alisema, "kila njia ina ishara yake."

"Mzee, hii si reli."

"Ndiyo maana treni zilikuwa zinafika."

Wiki mbili nzima tulikuwa hapo. Mwishowe, kwa kuwa paa lilipatikana kupitia wifi yangu, tukakubaliana fimbo ijaribiwe kwanza.

Niliusimamisha mlingoti Jumamosi iliyofuata, nikaufunga kwa kamba kwenye vyuma vya tangi la maji. Nikawasha kompyuta, na Kayole nzima ikaingia. Kila nyumba yenye kisanduku cha intaneti ilikuwa inapiga kelele kwenye masafa yaleyale, na fimbo yangu, kwa ukarimu wake, ilikuwa inawasikiliza wote. Kituo cha mzee kilionekana na kupotea, kama mtu anayekuita jina katikati ya soko. Wifi alikuja kusoma orodha ya majina ya mitandao juu ya bega langu, beseni la nguo likiwa kiunoni.

"Huyu aliyeandika Nunua Yako namjua," alisema. "Ni wa ghorofa ya nne. Hata chumvi hakupi." Akacheka mpaka akaliweka beseni chini. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, nami nikacheka, ingawa jaribio langu lilikuwa limekufa mbele ya macho yangu.

Jumamosi ya pili mzee alikuja mwenyewe, ameshinda na anajua ameshinda. Alibeba sahani mbili za wavu, kila moja pana kama ungo. Moja aliifungua kwenye mlingoti wa nyumbani kwake. Akipanda ngazi alipumzika kila ghorofa, na kila alipopumzika alisalimia watu, kwa hiyo alipofika juu jengo zima lilijua kuna mgeni wa mitambo.

Tukazifunga. Upepo wa Kayole ukazikamata na mlingoti ukaanza kuinama na kuinuka.

"Mzee wangu," keateka alisema, akirudi nyuma hatua mbili, "hiyo ikianguka si itakata mtu kichwa?"

Kabla mzee hajajibu, shuka ya wifi ilipeperuka ikajifunika kwenye sahani ya chini. Tukaanza kuivuta, na huku tukiivuta nikamkumbusha mzee kwamba sahani mbili zinataka redio mbili, na mimi nilikuwa na moja tu ya paa hilo. Mzee akasema ningemwambia mapema. Nikasema nilimwambia. Sauti zikapanda.

Wifi alikuwa ametulia na vibanio viwili mdomoni. Akavitoa.

"Donholm ni wapi?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono.

"Na wewe, mzee, Fedha ni wapi?"

Mzee akanyoosha wake.

"Msishushe. Sasa tazameni mikono yenu."

Tukatazama. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, na mikono yetu ilikuwa inaelekea karibu mahali pamoja. Kati ya kidole changu na chake ungeweza kuweka kiganja na nusu, si zaidi.

"Mimi huanika nguo hapa kila wiki," wifi akasema. "Donholm iko kule chini, Fedha iko kando yake, kushoto kidogo. Yote ni upande mmoja. Mnabishana nini?"

Niliona haya hadi masikioni. Kwenye ramani nilikuwa nimepima umbali kwa rula, sikupima pembe hata mara moja. Mzee aliushusha mkono wake polepole.

"Tunataka bapa," alisema.

"Ninayo," nikasema. "Iko kabatini."

Bapa ni antena ya tatu ambayo hatukuwa tumeitaja hata mmoja wetu. Ni kisahani cha mraba, kidogo kuliko sinia, na mawimbi yake hutoka kama mwanga unaopita mlango ulio wazi: hayaendi nyuma kwa majirani, na mbele hayabanwi kama ya tochi. Antena moja ingetutosha mimi na mzee, kwa redio moja, na upepo usingepata pa kushika. Nilikuwa nimeidharau kwa sababu haikuwa bora kwa lolote nililolitaka mimi.

Wifi alitupikia chai. Mzee alipoondoka na sahani zake, nilibaki kuosha vikombe, na yeye akasema bila kugeuka kutoka kwenye cherehani, "Siku ile nilikukuta juu ya mabati, niliogopa utaanguka. Na sisi kwetu tukiogopa tunatukana."

"Nilifikiri hukunipenda."

"Sikukujua. Ningekupenda vipi?"

Nikaosha kikombe kimoja mara mbili.

Jumamosi ya tatu kisahani kilipanda. Wifi ndiye aliyeshika mlingoti huku nikikaza nati, na keateka, ambaye sasa alikuwa upande wetu, aliwazuia watu wasitupite kwa ndoo. Nyumbani Donholm mume wangu alikaa mbele ya kompyuta na kutusomea nambari kwa simu. Ilipanda, ikapanda, ikatulia mahali pazuri.

"Hiyo ni nzuri ama mbaya?" akauliza.

"Nzuri sana."

"Sawa, naweza kwenda?"

Fedha ikakataa. Tuliugeuza mlingoti kushoto, tukaugeuza kulia, tukainamisha kisahani kidogo. Nambari ya mzee ilikuwa imelala chini kabisa.

"Huku kila kitu kiko sawa," mzee akasema kwa simu. "Kosa liko kwenu."

Nilimwomba anitumie picha ya antena yake. Akanung'unika, akapanda, akapiga. Nilipoifungua nikaikuza kwa vidole, na nikaona alipoirudisha sahani yake nyumbani aliifunga ikiwa imegeuzwa robo. Nyaya za wavu wake zilikuwa zimelala, wakati kisahani chetu kilikuwa kinarusha mawimbi yaliyosimama wima. Antena mbili zikitofautiana hivyo, hata zikitazamana uso kwa uso, kinachopita ni kidogo sana.

"Mzee," nikasema, "umeilaza."

"Nimeilaza?"

"Umeilaza."

Tulisikia spana ikigonga chuma, kisha mzee akijisemesha mwenyewe, kisha mkewe akimuuliza kutoka chini anasema na nani. Wifi alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Na nambari ikaruka juu kwa ghafla hata nikafikiri kompyuta imeharibika.

Kitu cha kwanza kupita kwenye njia mpya kilikuwa picha ya sukuma wiki ya mzee, majani yametobolewa tobo tobo. Kisha sauti yake ikaja, safi, kama yuko upande wa pili wa tangi. Nilimpa wifi kipaza sauti, kwa kuwa anaruhusiwa kuongea mradi mwenye leseni yuko kando yake. Alikishika kama yai.

"Mzee, hujambo? Hiyo sukuma yako ina wadudu. Nyunyiza jivu asubuhi kabla jua halijawa kali."

"Jivu nilitia, mama."

"La kuni ama la makaa?"

Kulikuwa na lafudhi ya kwao katika jinsi wifi alivyolitamka hilo neno la mwisho. Mzee akauliza kwao ni wapi. Wifi akataja mto na soko. Mzee akataja kanisa ng'ambo ya mto huohuo. Basi. Kiswahili kikaachwa hapo hapo, wakahamia lugha ya kwao ya magharibi, ambayo mimi niliyezaliwa upande wa Mlima, baada ya ndoa ya miaka mingi, bado naijua kwa salamu na vyakula tu. Waliulizana habari za watu, wakashangaa, wakasikitika, wakacheka. Keateka aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwasikiliza, ingawa nina hakika naye hakuelewa. Mimi nilishikilia kompyuta isipigwe na jua na kutazama nambari, zikiwa zimetulia tuli.

Saa nzima ikapita hivyo. Nguo zilikauka. Wifi aliposimama kuzianua, hakunirudishia kipaza sauti. Alikibana begani kwa shavu, akaendelea kumsimulia mzee habari ya jirani fulani wa utotoni na ng'ombe wake, huku akinirushia shuka moja moja nikunje.