Babu na Unga wa Misuli

Mjomba alikuja hapa Ushetu akitokea Geita, ambako ananunua dhahabu kwa wachimbaji na kila asubuhi ananyanyua vyuma jimu. Alinikuta namvuta babu mikono ili ainuke kwenye kigoda. Babu ndiye baba yake mzazi. Mapaja ya babu yamekwisha, suruali inaning'inia kama imeanikwa.

"Shikamoo mzee. Ndiyo mchunga ng'ombe gani huyu anayeinuliwa na binti?"

Mjomba akatoa kopo la kreatini, unga mweupe wanaokunywa wenzake wa jimu.

"Unasaidia hata wazee. Nikirudi nikukute unainuka mwenyewe. La sivyo nauza ng'ombe."

Babu aliupokea kama dawa ya mganga. Alikoroga kwenye maziwa ya mgando, akanywa, akajifungia ndani. Kwa wazee wa huku, anayekunywa dawa ya nguvu havuki kizingiti wala hakanyagi umande mpaka dawa iishe. Nilimsomea maandishi ya kopo: bila mazoezi, misuli haiji. Mimi sauti yangu haitoki mbele ya watu, lakini siku ile ilitoka.

"Dawa gani inamtaka mgonjwa ahangaike? Hiyo si dawa, ni kibarua. Niache nitulie iingie."

Akatulia kitandani wiki kadhaa. Unga ukaisha, na miguu nayo ikazidi kuisha.

Mjomba aliporudi, mnunuzi wa ng'ombe alikuwa tayari ameegesha lori nje. Babu alikalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja.

"Haya mzee, inuka."

Babu akainama mbele, magoti yakatetemeka, akarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena. Mjomba akawasha simu akawa anamrekodi.

"Mwoneni mzee anacheza ngoma ya bugobogobo!"

Mnunuzi akacheka. Nilimchukia mjomba, na kusema kweli nilimchukia na babu kidogo, kwa kulala kule.

Ng'ombe walikataa kupanda lori. Wamezoea mluzi wa babu tu. Vijana wa mnunuzi wakaanza kuwachapa, dume likatoka damu puani.

"Mzee, wapigie mluzi," mjomba akasema. "Au waendelee kuchapwa, chagua mwenyewe."

Babu alilamba midomo mara kadhaa, mate yalikuwa yamekauka. Kisha akapiga mluzi, amekaa vilevile. Dume likainua kichwa, likapanda lori, na wengine wote wakalifuata.