Mkono wa Kushoto wa Mke Wangu

Mimi nimeogopa kweli kweli mara moja tu tangu niingie Johannesburg, na haikuwa kwa sababu ya bastola. Bastola nimeshawekewa kisogoni pale Newtown. Nikawapa vijana pochi, kisha nikawadai wanirudishie kitambulisho changu, na wakarudisha. Uliza mtaa wetu wote wa Bertrams, watakwambia. Shule niliacha darasa la nne. Mji huu nimeuingia na cherehani, nyundo na mdomo wangu, na leo majaji na madaktari wa Sandton wanakalia makochi niliyoyavisha ngozi kwa mikono hii. Mtu wa namna hiyo haogopi ovyo. Lakini kuna sindano moja, ya kutumia na kutupa, iliyonifanya nishindwe kumeza ugali kwa miezi.

Ilikuwa miaka ile mke wangu alipokuwa anasomea uuguzi.

Yeye ni mzaliwa wa huku. Alikimbia nchi akiwa msichana, pamoja na wenzake waliokuwa wakipambana na makaburu, akaishia kwenye kambi yao Morogoro. Huko wakamfundisha kazi ya zahanati. Mimi nilikuwa napeleka magodoro niliyoshona, nikashikwa na malaria, akanichoma sindano. Nakwambia, nilirudi kutaka kuchomwa hata siku ambazo nilikuwa mzima. Nikamwoa. Waliporuhusiwa kurudi kwao, nikabeba cherehani yangu nikamfuata.

Kufika hapa, cheti chake cha kambini kikawa hakifai hata kufungia vitumbua. Mwanamke aliyezalisha wenzake miaka yote ile anaambiwa aanze mwanzo. Alitaka kuacha. Ni mimi niliyemwambia, "Anza. Mimi nilianza na kochi moja la kuokota jalalani." Akaingia chuo cha uuguzi, masomo ya miaka minne, darasa moja na mabinti ambao angeweza kuwazaa. Walimwita Mama Tanzania. Kizulu chake kilikuwa cha msichana aliyeondoka zamani, kimeingiliwa na Kiswahili chetu, basi kila akifungua mdomo wanakufa kwa kucheka.

Nyumba yetu ikageuka wadi. Shuka zilichomekwa pembeni mpaka ukitaka kuingia kitandani ulazimike kupigana nazo. Kila jioni nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila shati, akanipima shinikizo la damu, halafu akanipitia mifupa kwa kidole kuanzia shingoni, akiitaja kwa majina yake ya chuoni.

"Tulia, mgonjwa."

"Mgonjwa gani ana kifua kama hiki?"

"Mgonjwa anayeongea sana. Hao ndio wanaotangulia."

Tulicheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka maneno kama hayo.

Sasa elewa jambo moja, maana ndilo lililotuponza. Kule kambini sindano zilikuwa za shida. Bomba lilikuwa la kioo, sindano ikichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kutumika tena na tena. Ncha ikigonga sinia inapinda, na mtoto wa zamu inayofuata anaumia bure. Kwa hiyo muuguzi hodari alikuwa yule ambaye, akishachomoa tu, mkono wake wa kushoto unakuja wenyewe na kifuniko na kuivisha sindano. Kuiacha uchi ulikuwa uzembe wa kukemewa. Mke wangu alifanya hivyo bila hata kutazama, huku anambembeleza mtoto.

Huku ni kinyume. Sindano ikishatoka mwilini mwa mtu haivishwi kitu, inaangushwa hivyo hivyo ndani ya ndoo ya njano yenye mdomo mwembamba, basi. Ukitaka kuivisha unaweza kukosea ukajichoma. Na miaka ile wadi zilikuwa zimejaa watu wenye ule ugonjwa ambao mtaani kwetu haukutajwa. Mtu aliinua vidole vitatu, maana yake zile herufi tatu, akabadilisha mazungumzo. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi. Mwalimu wao wa vitendo, mama mmoja mpana mwenye saa iliyoning'inia kifuani, aliwaambia mapema: "Atakayerudisha kifuniko nitamwonya. Akirudia, afungashe."

Mke wangu alikuwa ameshaonywa. Katika chumba cha mazoezi, akimchoma mtu wa mpira, mkono wa kushoto ulikuja wenyewe. Darasa zima lilipiga makofi kwa kicheko.

Siku yenyewe nilitoka karakana jua bado lipo. Nikamkuta kwenye sinki ananawa. Nikavua shati, nikakaa kwenye kiti changu, nikasubiri. Maji yakaendelea kumwagika.

"Leo mgonjwa hapimwi?"

Akajipaka sabuni tena.

"Mama, hayo maji yamekukosea nini?"

Akafunga bomba. Akanigeuzia kidole gumba cha kushoto. Palikuwa na kitundu, kidogo kuliko kile ninachokiacha mimi kwenye kitambaa.

"Nimejichoma," akasema.

"Kwa sindano safi?"

Akatikisa kichwa.

Akanieleza akiwa amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye sinki. Asubuhi, wadini, alikuwa anamchoma kijana mmoja mwembamba aliyebaki macho tu. Anachomoa, mara kutoka kitanda cha pili mgonjwa akaita, "Sista!", ndivyo wauguzi wanavyoitwa huku. Akageuza kichwa. Mkono wa kushoto ukaja na kifuniko. Sindano ikapita pembeni ya kifuniko ikaingia kwenye kidole. Yule kijana aliona. Akamuuliza, "Umejichoma, sista?" Akamjibu hapana. Akaenda kukamua damu chini ya maji na kurudi kazini.

"Hakuna dawa?"

"Zipo za kuwahi. Vidonge. Kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyokosa nguvu."

"Basi umemeza."

"Sikumeza. Ili upewe lazima uripoti. Ukiripoti wanauliza ilikuwaje."

"Tangu asubuhi! Tangu asubuhi umekaa na kitu hicho mwilini!"

"Usinipigie kelele. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

"Kwamba nikifukuzwa hakuna chuo kingine kitakachonipokea kwa umri huu. Kwamba nimebakiza mwaka mmoja. Kwamba pengine huyo kijana hana kitu."

"Ana kitu au hana?"

Akatazama mikono yake.

"Vaa viatu," nikasema. "Chuo hakitakuja kukulelea watoto wako."

Nikampakia kwenye bakki, gari langu la mizigo, kochi la mteja likiwa bado limefungwa nyuma. Roboti, yaani taa za barabarani kama tunavyoziita huku, zote zilikuwa nyekundu. Ya tatu niliipita. Madereva wa teksi wakanitukana kwa Kizulu, na mimi, ambaye sijawahi kuacha tusi la dereva wa teksi bila kulijibu, sikujibu kitu. Njia nzima nilikuwa naangalia kile kidole kilicholala mapajani mwake, nikiona kama kuna kitu kinapanda ndani yake kuelekea begani, na gari langu linazidiwa mbio na hicho kitu.

Mwalimu alikuwa anaishi kwenye nyumba za chuo. Akafungua mlango amevaa ndala, mkononi sahani ya chakula. Nilikuwa nimepanga hotuba. Kiingereza changu ni cha karakana, lakini kimeshauza makochi kwa watu wagumu kuliko yeye.

"Mama," nikaanza, "mimi ni mfanyabiashara, makochi yangu yako Sandton..."

"Baba, nani kakuuliza makochi? Nani ameumia?"

Mke wangu akanyoosha kidole.

"Kifuniko?"

"Ndiyo, sista."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Eish, wewe mtoto!" Naye hakumzidi umri kwa kitu. Akaniwekea sahani mikononi kama vile mimi ni meza, akachukua funguo.

"Sista, nitafukuzwa?"

"Hayo ya kufukuzana tutayaongea ukiwa hai. Tembea!"

Akatangulia kuelekea hospitali na ndala zake, sisi nyuma, mimi nikiwa bado nimeshika sahani ya watu. Wakamtoa damu, wakampa vidonge, akameza cha kwanza mbele yetu. Kesho yake wakamwomba yule kijana wadini ruhusa ya kumpima. Akakubali bila kusita. Alikuwa nao ule ugonjwa. Mwalimu alituambia pia kwamba kijana huyo aliuliza hali ya sista aliyejichoma, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Kuanzia hapo sasa ndipo nilipojua hofu ni nini. Bastola inakuja na kuondoka, unajua jioni hiyo hiyo kama umepona. Hii ilikaa mezani na sisi. Damu yake ya siku ile ilikuwa safi, lakini wakasema hiyo haina maana bado, lazima apimwe tena na tena, miezi ipite, ndipo iaminike. Vidonge vilimgeuza tumbo. Alitapika asubuhi, akavaa sare, akaenda kuhudumia wengine wanaotapika. Mimi nilibaki nasikiliza kikohozi. Akikohoa mara moja naacha kupiga msumari. Nikimkumbatia napima mbavu. Kitandani tukaanza kutumia mipira, mume na mke, na hakuna aliyeweza kufanya mzaha. Watoto wakimkimbilia aliangalia kwanza mikono yake kama ina mchubuko.

Yeye alikuwa amenieleza vizuri, kwa utaratibu wa chuoni, kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Nilielewa. Hata hivyo siku moja alikunywa chai, akanisogezea kikombe nimalizie kama ilivyo desturi yetu, mkono wangu ukasimama hewani. Akauona.

"Kunywa, fundi mkubwa. Umeporwa na majambazi hukutetemeka, leo unaogopa majani ya chai?"

Nikanywa. Ilishuka kama mchanga. Kilichonitisha hakikuwa chai. Nilikuwa nawaza nitakaa jikoni mle na nani.

Chuo hakikumfukuza. Mwalimu aliingia kwenye kikao chao akamtetea, hatukuambiwa kwa maneno gani. Lakini alimwambia mke wangu: "Wewe kichwa chako kimeshajifunza. Mkono wako bado uko Tanzania. Huo tutaufunga." Na kweli akaufunga. Kila mazoezi, mkono wa kushoto ulizungushiwa bendeji ukafungwa nyuma kiunoni, akafanya kazi ya sindano kwa mkono mmoja: kuchoma, kuchomoa, kuangusha ndooni. Safari hii hakuna binti aliyesema Mama Tanzania.

Akaniomba tufanye hivyo na nyumbani. Nikamshonea mkanda wa ngozi laini wenye bitana. Huwezi kuupata dukani, mkanda ule. Nikamletea kipande cha sponji la kochi na ndoo ya rangi niliyoitoboa kifuniko. Jioni, badala ya kupimwa mimi, nilimfunga mke wangu mkono kama mwizi, nikasimama nyuma yake. Kutoka pale nyuma niliona ambacho yeye hakukiona. Kila sindano ilipotoka kwenye sponji, vidole vya kushoto vilijikunjua vyenyewe, vikatafuta hewani. Gumba na shahada vinabana kitu ambacho hakipo. Nilivichukia vidole vile, na ndivyo vilivyoivisha sindano yangu malaria ilipokuwa inanimaliza.

"Vimesogea?" anauliza.

"Vimesogea."

"Tena."

Nusu ya sponji ikawa matundu matupu. Siku vidole vilipolala tuli, sindano ikatoka, ikaanguka ndooni, ikatoka nyingine, ikaanguka, sikumwambia. Niliogopa nikisema vitaamka. Akajua kutokana na kimya changu.

Lakini hilo lilihusu sindano zijazo. Ile moja ilikuwa bado ndani.

Kipimo cha mwisho nilimpeleka mwenyewe. Nikakaa kwenye bakki nje ya hospitali, mikono kwenye usukani, redio nimeizima. Nilijaribu kuomba nikajikuta nampa Mungu orodha ya makochi niliyomtengenezea mchungaji bure. Watu walitoka mlangoni, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimsoma uso nikidhani nitajifunza kitu.

Alipotoka, alitembea mwendo ule wa wauguzi, wa haraka bila kukimbia. Uso wake haukusema lolote. Chuoni walimfundisha uso ambao mgonjwa hawezi kuusoma, na siku hiyo mgonjwa nilikuwa mimi. Akaja upande wangu, siyo wake. Akagonga kioo. Nikakishusha.

"Sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina kitu. Damu safi. Wamesema nisirudi tena."

Nilitaka kuwasha gari. Nakwambia ukweli, nilishika ufunguo, na mkono, mkono huu uliovisha makochi ya majaji, haukuweza kuuzungusha. Nikajaribu mara ya pili. Akanitazama, kisha akafungua mlango.

"Sogea huko, mzee," akasema. "Naingia zamu saa saba, na wadi yangu hainisubiri."

Nikasogea. Hakuna mtu aliyewahi kuendesha bakki yangu nikiwemo ndani. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaangalia kioo, akatuingiza barabarani.