Nilivyoomba kumchimbia jirani "ufuo" Mlingotini, nusura nitimuliwe

Habari za jioni wakuu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikusimuliwa, na chumvi sijatia.

Mimi ni mtu wa Njombe, nimeoa Mlingotini, huku Pwani. Nimekulia kwenye bustani za bondeni, kule unajifunza kuongoza maji kabla hujajua kusoma. Kwenye mambo ya slope sibabaishwi na mtu.

Masika yaliyopita maji ya mvua yalianza kuingia kwa mama mkwe. Nyumba ni ya udongo, aliijenga na marehemu mumewe. Ukuta wa jikoni ulishaloa, ungeanguka wakati wowote. Shemeji yangu wa Vigwaza akaja kumhamisha. Mama akalia, akasema hatoki pale. Iliniuma sana.

Nikatoka na mvua ile ile kufuata maji yanakotokea. Jibu nililipata chapchap. Jirani, Mzee Nassoro, muuza vifaa vya ujenzi, alikuwa ameinua ua wake kwa kifusi. Zamani maji ya barabarani yalikatiza pale kwenda baharini. Sasa yakigonga kifusi yanageukia kwa mama.

Maji hayana ugomvi na mtu wakuu. Ukiyazibia kwako, yanapita kwa mwenzio.

Dawa ilikuwa mfereji mwembamba pembeni ya ua wa mzee. Basi.

Sasa, kwenye msiba wa baba mkwe niliona vijana wakichimba kimfereji cha kupitishia maji, wakakiita ufuo. Nikajua ndiyo Kiswahili cha Pwani cha mfereji. Nikasema leo watajua mkwe wao ni mtu wa lugha.

Nikabisha hodi, full confidence.

"Shikamoo mzee. Naomba nikuchimbie ufuo hapa nyumbani kwako."

Mkewe akaangusha kawa la kufunikia chakula. "Audhubillahi! Unamchimbia nani?"

Kumbe ufuo ni mfereji wa maji ya kuoshea maiti! Na mle ndani mama yake mzee alikuwa mgonjwa kitandani.

Kabla sijajitetea, sauti ya bibi ikatoka chumbani: "Nani huyo ananichimbia ufuo? Mwambieni bado napumua!"

Nikaeleza mbio mbio: kifusi, ukuta, shemeji anavyotaka kumhamisha mama mkwe. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema:

"Nassoro, mwache achimbe. Nikifa na haki ya jirani shingoni, huo ufuo utanitakasa nini?"

Mzee akachukua sululu mwenyewe. Tulichimba pamoja, hataki hata kuniangalia usoni.

Mvua iliyofuata, maji yote yakapita pale. Mama mkwe akatandika mkeka kwenye sakafu kavu ya jikoni, akaanza kukuna nazi. Shemeji akarudi Vigwaza peke yake.

Somo: ugenini uliza neno kabla hujalitoa mdomoni. Ila kwenye mfereji nilikuwa sahihi tangu mwanzo, hapo sirudi nyuma.

Mliooa na kuolewa ugenini, ninyi neno gani liliwaponza? Tiririkeni.