Siku Niliyokatiza Kigiriki kwa Sababu ya Ebitoke

Nimepata aibu nyingi katika miaka yangu sabini na miwili, na nyingine nimeziungama, lakini hii hata sijui niiweke kwenye dhambi gani, kwa hiyo nawasimulia ninyi, mcheke, ila msinicheke mbele ya wajukuu wangu.

Mimi ni katekista mstaafu, nakaa Nyanga, na siku hiyo kigango kimoja cha Muleba kilinialika kuwafundisha akina mama kwenye mafungo yao. Ningefundisha rozari ningerudi nyumbani na heshima yangu yote. Lakini nilikuwa nimejifunza neno moja la Kigiriki, teknogonia, yaani uzazi, lile lililomo katika Barua ya Kwanza kwa Timotheo inaposema mwanamke ataokolewa kwa uzazi, nami nikaona (kiburi hakizeeki) kwamba wale mama hawajawahi kusikia Kigiriki kutoka kinywani mwa Mhaya, basi leo watasikia.

Wataalamu wanalieleza neno hilo kwa njia tatu. Nikaanza na ya kwanza, kwamba ni kuzaa kwenyewe, kule kwa uchungu, nikaikoleza vizuri, mama wenye watoto wengi wakaanza kukaa wima kwenye viti. Ndipo harufu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ikaingia ukumbini. Nikatazama saa, nikasema, "Hizo njia mbili nyingine tutazimalizia baada ya chakula." Uamuzi mdogo tu, jamani, wa mzee mwenye njaa.

Nilipotoka kunawa mikono nikakuta foleni ya chakula imepangwa upya. Ma Koleta, mwenye watoto kumi na mmoja, yuko mbele kabisa, nyuma yake mwenye tisa, kisha mwenye nane, na mama mmoja wa pacha anabishana kama pacha wanahesabiwa mmoja au wawili.

"Tuliookoka zaidi tunapakuliwa kwanza!" akasema Ma Koleta. "Na huo mwiko, Ma Ernestina, mpe mwenye sifa. Wewe utakula mwisho."

Ma Ernestina ndiye mwenyekiti wao. Hakujaliwa kuzaa, lakini amelea watoto wanne wa marehemu dada yake mpaka wote wakasoma. Aliweka mwiko chini polepole, akafungua aproni, akachukua mkoba wake.

"Asante, Ta Laurian," akaniambia. "Miaka kumi na miwili nawaongoza hawa, kumbe mbinguni sina kiti. Watafutie mwenyekiti mwenye ushahidi."

Akashika njia. Nikamkimbilia mlangoni (mbio za goti bovu) nikisema yote kwa pamoja: "Ngoja, Ma! Wengine wanasema ni pamoja na kulea! Kuogesha, kubeba, kubembeleza, yote hayo ni teknogonia!"

Mke wangu, ambaye nilikuwa nimekwenda naye ili anisikie nikisifiwa, akaangua kicheko huko nyuma.

"Kama ni hivyo mwombeeni yeye! Watoto saba, waitu, hajambeba hata mmoja mgongoni!"

Ma Ernestina akasimama. Akanitazama tangu viatu mpaka kichwa. Akarudi, akamchukua mtoto wa miezi mitano kutoka kwa mama yake, akavuta kanga.

"Inama, Ta. Akilala, narudi kwenye mwiko. Asipolala, naenda kwangu."

Niliinama. Wakanifungia mtoto juu ya koti langu la sherehe, nikazunguka ukumbi nikiimba wimbo wa ekaristi, mtoto akalia, nikaimba wa Noeli, akalia zaidi, kisha nikasikia joto likishuka mgongoni mpaka kwenye mkanda, na hapo ndipo akanyamaza. Alikuwa amemaliza. Akalala fofofo.

Na hapo hapo akaingia paroko, na wageni wawili kutoka mjini.

"Katekista," akasema, "kuna nini tena?"

Nikageuka aone mgongo.

"Mwache, Padre," akasema Ma Ernestina, akifunga aproni. "Ndiyo kwanza anaanza kuokolewa."

Walicheka mpaka Ma Koleta akakaa sakafuni. Ndipo, koti likinuka, nikawapa njia ya tatu: kwamba wapo wanaosema uzazi huo ni ule mmoja, wa Bikira Maria aliyetuzalia Mwokozi, na katika huo mwenye kumi na mmoja na asiye na hata mmoja wanasimama pamoja.

"Hiyo ndiyo ungeanza nayo," akasema Ma Ernestina, akanipakulia. Wa mwisho, na ukoko.

Nilikula nikimshukuru Mungu. Kama angeondoka, nisingejua pa kuuficha uso wangu. Siku hizi nikifundisha, neno la faraja linatangulia, na siondoki mbele ya watu kabla sijamaliza, hata wakikaanga senene.