Amri ya Kuleta Mwili

Kaka yangu alichukuliwa Jumanne asubuhi, tukipalilia mpunga Kilelengwani. Mimi nilikuwa mpiga chapa mjini Garsen, na siku hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa ili nimsaidie mama. Mwaka huo wa tisini na saba watu tusiowajua walikuwa wakipima mashamba yetu ya ukingoni mwa mto. Kaka aliwaita wakulima wakutane, akawaita na wafugaji, kwa kuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni ilipita humo humo. Askari wawili walimwambia anahitajika Garsen mara moja tu.

"Nakuja sasa hivi," aliniambia.

Kesho yake nilimpelekea chakula kituo cha polisi. Askari wa kaunta alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Dada, hapa hatuna mtu wa jina hilo." Kisha akaliangalia bakuli. "Hicho chakula kiache."

Nikakiacha. Saa tisa nikarudishiwa bakuli tupu. Miiba ya kambare ilikuwa imepangwa ukingoni mwa bakuli, mmoja mmoja, kama ua wa boma. Tangu utotoni kaka alikula samaki hivyo. Nilisimama pale juani, nikajua yumo ndani.

Ikawa hivyo kila siku. Naambiwa hayupo, bakuli linapokewa, miiba inarudi imepangwa. Mjini nako watu walibadilika. Nilimwuliza mwenye duka mmoja kama amesikia lolote kuhusu kaka. "Kaka yupi?" akasema, naye alikuwa akiswali kando yake kila Ijumaa.

Siku ya tisa miiba ilirudi ovyo, mingine imetafunwa.

"Nani amekula hiki chakula?" nikamwuliza askari.

"Chakula gani?"

Nikapanda basi la Mombasa kutafuta wakili. Alinisikiliza bila kuandika, kisha akanieleza kwamba serikali ikitaka kumzuia mtu bila kesi kwa kisingizio cha usalama wa umma, lazima iwe na hati, na jina lake litangazwe katika gazeti rasmi. Akayapekua magazeti hayo mbele yangu. Jina la kaka halikuwamo.

"Katika kiapo chako cha mahakamani tutaweka na habari za miiba," alisema.

"Jaji atacheka."

"Mwache acheke."

Jaji hakucheka. Alitoa amri, nami nikarudi nyumbani na nakala. Mama akataka nimsomee. Ilikuwa ya Kiingereza, nikaitafsiri neno kwa neno: serikali iulete mwili wake mbele ya mahakama.

"Mwili?" mama akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliye hai si angeitwa kwa jina?"

Ilikuwa lugha ya mawakili tu, lakini sikulijua hilo wakati ule, na tangu ile siku ya tisa sikuwa na nguvu ya kumpinga. Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe, akakipima kwa mkono wake. Majirani wakaja kukaa naye. Hakuna aliyelia, maana maiti haikuwapo. Mimi mwenyewe nilijikuta nikisema, "Alikuwa anapenda kambare."

Siku ya kesi mama alikuja na kitambaa kikapuni. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, askari wakaingia na mtu aliyenyolewa kipara, amevaa shati lisilo lake. Alitutazama kama anayetutazama kutoka chini ya maji.

"Huyu ni nani?" mama akaninong'oneza.

Wakili wa serikali alisema kaka alizuiliwa ili wakulima na wafugaji wasije wakapigana.

"Hati iko wapi?" jaji akauliza.

Yule wakili alifunua karatasi zake kwa muda mrefu. "Hakuna, Mheshimiwa."

Jaji akasema hofu ya vurugu peke yake si sheria, na mtu huyu aachiliwe hapo hapo. Mama akamfuata yule mwenye kipara, akamshika kifundo cha mkono, akamnusa shingoni. "Ni yeye," akasema, kisha akaketi sakafuni.

Mwezi uliofuata mkutano ulifanyika, na wafugaji wakaja. Kaka alizungumza vizuri. Jambo moja tu la kule kizuizini alitueleza sisi wa nyumbani. Siku ya nane walimhamishia katika jumba lisilo na madirisha. Kila walinzi walipoita jina lake, mtu mwingine nyuma ya ukuta aliitika kabla yake. "Sauti yake ilikuwa ya mzee," alisema. "Siku niliyotolewa, bado alikuwa akiitika."

Nilirudi kwa wakili nikamwomba amtafutie mzee huyo naye amri. Alikubali, akachukua kalamu, akaniuliza anaitwa nani. Sikuwa na jina la kumpa ila la kaka.