Nilimtoa Bibi Harusi wa Kaka Yangu, Nikamwacha Korongoni

Nilikosa mimi. Nalisema mapema msije mkafika katikati mkaanza kunihurumia. Sikudanganywa na mtu, wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule ya msingi, na akili zangu zote kichwani.

Ni zamani sasa, miaka ile ya ujamaa, kijijini kwetu Muleba, upande wenye magenge. Alhamisi ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Kila mwenye mikono alikwenda na jembe lake, na ukibaki nyumbani bila sababu, balozi wa nyumba kumi alikufuata mpaka mlangoni.

Mimi nilikuwa na sababu. Kaka yangu alikuwa ameoa, na kwetu mugole, yaani bibi harusi, hatoki nje. Anakaa chumba cha ndani, anakula, analala, jua halimwoni, hadi siku wazee watakapomtoa. Zamani ilikuwa miezi na miezi. Tata, ndiye baba yangu, alisema wa kwake atakaa miwili tu, maana taifa linahitaji majembe. Basi kila Alhamisi niliachwa mimi kumlinda. Kumlinda, mnasikia?

Nitamwita Koku, ingawa si jina lake. Alitoka Kanazi. Alikuwa mcheshi huyo! Tulicheka humo chumbani mpaka mama anagonga ukuta kutunyamazisha. Lakini alichoka.

"Wifi, nanenepa tu," aliniambia. "Hata kutembea nitakuwa nimesahau."

Yalikuwa masika, na maporomoko ya mto wetu yalinguruma hadi chumbani. Akaniuliza yale maji ni nini. Mdomo wangu huu! Nikaanza kujigamba. Mwalimu alikuwa ametupeleka kule matembezi na darasa zima, tukala ndizi za kuchoma juu ya mawe, kwa hiyo nikajifanya mwenyeji wa korongo. Nikamweleza kuta za mawe zilivyosimama pande zote mbili, mto unavyoanguka mara mbili, na lile jiwe bapa katikati ya maji, pana kama sakafu, ambalo ukisimama juu yake unaona upinde wa mvua uko chini yako.

"Nipeleke," akasema. "Siku moja tu."

"Una wazimu wewe? Tata ataniua!"

Hakuomba tena. Hilo ndilo linalonichoma. Aliomba mara moja, nikakataa, yakaisha. Alhamisi iliyofuata ni mimi niliyeingia na kanga mkononi nikamwambia jifunike twende, wote wako shambani, tutarudi kabla hawajaosha majembe. Nilitaka kuonekana najua mambo. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Tulipitia nyuma ya kibanja, shamba letu la migomba, tukakata rweya, ule uwanda wa majani matupu usio na migomba wala nyumba. Koku alikuwa anafumbafumba macho kwa jua. Anachuma majani, ananusa, anacheka peke yake. Miguu ilikuwa imelainika kwa kukaa ndani, kila kokoto anasema "uwi!" nami namcheka. Tulishuka korongoni tumeshikana mikono.

Jamani, palikuwa pazuri. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyotokea. Tuliruka mawe mawili madogo tukafika kwenye jiwe bapa, akasimama amenyoosha mikono, mvuke wa maji unamlowanisha uso, akapiga vigelegele vikarudi kutoka ukutani. Nilijisikia kama lile korongo nimelichimba mimi.

Juu ya vilima, mto unakotoka, wingu lilikuwa jeusi. Nililiona! Nikanyamaza, kwa sababu bado nilikuwa sijamwonyesha poromoko la pili.

Kwanza sauti ya maji ilibadilika. Ikawa nzito. Halafu maji yakaja ya rangi ya udongo, yamebeba majani na vijiti. Nikapiga kelele, "Turudi!" na nikaruka. Mimi kwanza. Sikumshika mkono, sikutazama nyuma. Nilipofika ukingoni ndipo nikageuka, nikamwona mguu wake umezama katikati ya yale mawe madogo, na nikasikia mlio kama ukuni unavunjwa.

Alijivuta kwa mikono akarudi juu ya jiwe bapa. Mawe ya kurukia yakapotea. Kati yetu palikuwa na maji mapana kama chumba, yanakwenda kwa kasi ya kuchukua ng'ombe.

"Wifi! Usiniache!"

"Nafuata watu! Kaa hapo hapo, usisogee!"

Nikakimbia. Mvua ikanikuta kwenye rweya. Nililia, nikaanguka, nikainuka, na moyoni nilikuwa na neno moja tu: nikifika napiga yowe, wanaume wote waje. Nawaapia, ndilo nililokusudia.

Lakini mvua ilikuwa imewatoa watu shambani mapema. Nilipoingia kwetu, Tata alikuwa amekaa barazani na balozi na wazee wawili, wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakanitazama.

"Wewe, mbona umelowa hivyo?" Tata akauliza.

"Naingiza kuni, Tata."

"Mugole hajambo?"

Hapo hapo ndipo. Neno lilikuwa kooni, lote zima. Nikamwona balozi ameshika kibuyu ananisubiri, nikaona aibu itakayompata Tata mbele ya wageni, nikaona fimbo, nikaona kaka yangu atakavyonitazama.

"Hajambo, Tata. Amelala."

"Vema," akasema, akaendelea na maongezi yake.

Nilijidanganya kwamba nitamwokoa mwenyewe na hakuna atakayejua. Nikachukua kamba ya kufungia ng'ombe, nikapita nyuma ya migomba, nikarudi mbio. Nilipochungulia korongoni, jiwe halikuwepo. Maji matupu, ukuta hadi ukuta. Niliita Koku, Koku, mpaka sauti ikakauka. Nikajua amekufa na nimemuua mimi.

Hofu ya namna ile sijaipata tena maishani, hata kwenye kuzaa. Unatembea lakini huhisi miguu. Nilirudi nyumbani, nikarudisha kamba mahali pake, nikaipangusa tope. Waitu, jamani, niliipangusa tope!

Jioni mama alipompelekea chakula, akatoka anapiga mayowe. "Mugole hayumo!" Wakaniuliza. Nikasema nilipotoka kuingiza kuni alikuwa amelala. Kaka akarukia baiskeli akashika barabara ya Bukoba kuelekea Kanazi, akidhani mkewe amekimbilia kwao. Wengine wakaenda kituo cha basi. Hakuna hata mmoja aliyekwenda korongoni. Nani angewaza korongo? Mwenye kujua alikuwa mmoja, amekaa jikoni anatetemeka, na mama akadhani nimeshikwa na homa akanipikia uji. Niliunywa wote.

Asubuhi alifika mwanamume wa ng'ambo ya mto, mchunga ng'ombe aliyeishi peke yake. Akasema jana alisikia mtu analia chini, akamnyooshea mti mrefu kutoka upande wake, akamvuta kabla jiwe halijafunikwa. Mguu umevunjika. Mto ulikuwa hauvukiki, kwa hiyo alimlaza kibandani kwake hadi maji yalipopungua.

Yu hai! Nilikaa chini kwa furaha. Furaha ile ilidumu mpaka walipomleta.

Walimleta kwa machela, amevaa shuka la yule mwanamume, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimelowa. Mugole, ambaye hata jirani hakutakiwa kumwona, anaingia kijijini mchana kweupe na shuka la mwanaume aliyelala naye kibanda kimoja. Mnajua watu wanavyotazama. Wanawake walikuwa wameanza kuziba midomo kwa viganja.

Tata akamuuliza ametoka vipi. Koku akajibu bila woga wowote, "Nilikwenda na wifi kuona maporomoko, Tata. Maji yakatutenganisha. Akaniambia nisisogee, anafuata watu."

Akanitazama, akatabasamu. Na maumivu yale yote, akatabasamu! Alidhani waliokuja kumbeba nimewatuma mimi.

Kaka akanigeukia. Alikuwa ameendesha baiskeli mpaka macho yamekuwa mekundu. "Ni kweli?"

Ningesema ndiyo tu. Neno moja! Ningechapwa, ningetukanwa, na kwaresima inayofuata watu wangekuwa wamesahau.

"Mimi? Mimi jana sikutoka hapa."

Balozi akakohoa. Alikuwa mtu mkweli yule, hakuna aliyemtilia shaka. Akasema, "Binti huyu jana tulimwona hapa kwa macho yetu, mugole akiwa bado ndani. Alituambia amelala." Na wazee wawili wakaitikia kwa vichwa.

Koku akasema, "Wifi." Mara moja tu. Sikuinua uso.

Wiki haikuisha akarudishwa Kanazi nyuma ya lori, mguu umefungwa vijiti. Ikaenea kwamba alikuwa na mchumba ng'ambo ya mto, kwamba alizoea kutoka kila Alhamisi sisi tukiwa shambani. Mchunga ng'ombe, aliyemwokoa, akahama na ng'ombe wake kwa maneno ya watu. Mguu wa Koku uliunga vibaya. Nasikia waliokuja kuuliza habari zake kwa ajili ya ndoa waliambiwa habari hizo hizo, wakaondoka.

Kaka alioa mwingine. Akazaa, akajenga Buhembe, Bukoba mjini, akawa mtu wa watu. Jina la Koku hakulitaja. Nikadhani limekwisha.

Halikwisha. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa namuuguza mimi. Siku moja mchana, namlisha supu, akanishika kiwiko.

"Mdogo wangu. Siku ile, ulitoka na Koku?"

Mungu wangu! Miaka yote ile! Tata amekufa, mama amekufa, balozi amekufa, hakuna fimbo tena duniani ya kunichapa. Hofu ikanipanda vile vile kama siku ile barazani. Nikamwambia, "Hapana, kaka."

Akafumba macho. "Basi nilifanya haki," akasema. Baada ya siku tatu tukamzika.

Kwenye mazishi alikuja bibi mmoja anachechemea, amejifunga kitenge cha heshima. Watu hawakumjua. Alirusha udongo wake kaburini, akaja pale nilipokaa na wafiwa, akainama akanipa mkono.

"Pole, wifi," akasema. Hakuniuliza kitu. Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu ulikuwa baridi kama samaki.

Nyinyi mnaosoma, hasa vijana mnaopenda kwenda kutembea kwenye mito na magenge: mkiona wingu juu, ondokeni. Mkitoka na mtu, shikeni mkono wake, na asipoweza kurudi, pigeni yowe kwa yeyote wa kwanza mtakayekutana naye, hata awe baba yako na amekaa na wageni. Na ukiulizwa, jibu siku hiyo hiyo. Msidhani mtapata ujasiri baadaye. Mimi nimeusubiri hadi nywele zimekuwa nyeupe, haukuja.

Koku hakutoroka. Hakuwa na mwanamume. Nilimtoa mimi. Bado yu hai, anakaa Bilele, hapa hapa Bukoba, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na jina langu nimeshindwa kuliandika hata hapa.